Ganda la Jino: Tulijue Kabla ya Kulilipia



Somo la safari hii limetokana na swali lililotufikia kutoka Kipungani, kule kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu. Kikundi kimoja cha kina mama wa huko, wasukaji wa mikeka na vikapu vya miyaa, kina kisanduku chake cha akiba. Kila wiki kila mmoja hutia chake, na mwenye shida hukopa bila riba akarudisha pole pole. Sasa katika mkutano mmoja mama mmoja aliomba mkopo mkubwa kuliko mikopo yote waliyowahi kutoa. Binti yake anakaribia kuolewa, na binti huyo hacheki mbele za watu. Akichekeshwa huziba mdomo kwa upindo wa mtandio. Meno yake ya mbele yana rangi ya kahawia, na moja lilivunjika pembeni alipoanguka kwenye ngazi za gati akiwa mdogo, tena limeingia weusi. Shangazi yake aliyefanya kazi Ghuba amemwonyesha kwenye simu picha za wanawake wenye meno meupe pe, akamwambia kule watu huyaita tabasamu la Hollywood, na ati hata Mombasa siku hizi yanapatikana.

Kikundi kikagawanyika. Bibi mmoja alisema, "Mwanangu, hilo ni pambo, kama bangili. Kisanduku hiki ni cha maradhi na karo." Mama mwingine akamjibu, "Kweli bibi, lakini mtoto asiyecheka naye ana ugonjwa wake." Wakashindwa kuamua, wakatuletea maswali mawili: Je, hii ni dawa au ni pambo? Na hizo pesa zikishaingia mdomoni zitakaa miaka mingapi?

Swali la pili ndilo lililotufurahisha zaidi, maana watu wengi hulisahau. Tumepewa ruhusa kulijibu hapa gazetini, na tumebadilisha mambo madogo madogo ili familia isijulikane.

GANDA LENYEWE NI KITU GANI

Tuanze na jino. Jino lina matabaka. La nje ni gumu kuliko mfupa, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, na wataalamu huliita enameli. Chini yake kuna tabaka laini zaidi lenye rangi ya manjano, liitwalo dentini. Katikati kabisa ndimo mna neva na mishipa ya damu, yaani uhai wa jino. Enameli haina neva, kwa hiyo ikiguswa haiumi. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa: chembe zilizoitengeneza huondoka jino likishaota. Ukucha ukikatwa huota, ngozi ikichubuka hurudi, hata mfupa uliovunjika huunga. Enameli ikisagwa haiji tena. Tunaomba mlishike hili, kwa sababu mambo yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Ganda la jino, ambalo madaktari huliita vinia, ni kipande chembamba kinachogundishwa upande wa mbele wa jino, ule unaoonekana mtu akicheka. Wembamba wake ni kama wa ukucha, kwa kawaida nusu milimita hivi na mara nyingi haifiki milimita moja. Nyuma ya jino hubaki vilevile. Mafundi seremala wa Lamu wataelewa upesi kuliko sisi: ni kama ubao mwembamba wa mvule unaobandikwa juu ya mbao za bei nafuu. Mgeni akitazama kabati anaona mvule. Lakini kinachobeba vyombo ni mbao za ndani, na mbao hizo zikiingia mchwa, ule mvule wa nje hauwezi kusaidia kitu.

Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kauri, jamaa ya kauri ya vikombe na sahani nzuri, ila hii hutengenezwa kwa ustadi maalumu kwenye karakana ya meno. Hii haiingii rangi kwa urahisi na hudumu zaidi. Ya pili ni ya resini, aina ya plastiki ngumu inayotumiwa pia kuziba matundu ya meno. Daktari huipaka na kuichonga mdomoni mwenyewe, mara nyingi kwa siku moja, halafu huigandisha kwa taa ya bluu. Ni rahisi kwa bei, inaweza kurekebishwa ikichubuka, lakini hushika rangi ya chai na tumbaku, na huisha mapema.

Jambo hili si la jana. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa meno wa California aitwaye Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji wa sinema maganda ya kuvaa wakati wa kupigwa picha tu. Hayakushika, yalitolewa kazi ikiisha. Mwaka 1955 Michael Buonocore, wa Marekani vilevile, alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kidogo hukwaruzika, na gundi ikapata pa kung'ang'ania. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo kauri ilipoanza kugundishwa kwa njia hiyo ikakaa kwa miaka. Na huku kwetu pwani msifikiri kwamba kupamba meno kumeletwa na simu. Wengi wetu tumewaona wazee waliovaa jino la dhahabu, na hakuna aliyewauliza kama ni dawa au ni pambo.

JINSI LINAVYOWEKWA

Safari ya kwanza ni ya kupimwa. Daktari hutazama meno na ufizi, hupiga picha ya eksirei, na kama pana tundu au ufizi unatoa damu, hayo hutibiwa kwanza. Daktari anayeruka hatua hii na kuingia moja kwa moja kwenye bei, jihadharini naye.

Safari ya pili ndiyo ya kusaga. Ili ganda likae bila kufanya jino kuwa nene kama la farasi, sehemu ya enameli ya mbele huondolewa, mara nyingi kiasi cha nusu milimita. Wapo watu wachache ambao meno yao yanaruhusu ganda kuwekwa bila kusaga au kwa kusaga kidogo mno, lakini hiyo huamuliwa na umbo la meno, si na tangazo. Baada ya kusaga huchukuliwa kipimo, kikapelekwa karakana, na mtu akavalishwa maganda ya muda. Siku hizo za kungoja meno huweza kusisimka kwa maji baridi au chai ya moto.

Safari ya tatu ni ya kugundisha. Baadaye kuna safari za kuangaliwa.

Kwa mkazi wa mji mkubwa hizo ni safari za matatu. Kwa mtu wa Kipungani ni mashua mpaka Lamu, Lamu mpaka Mokowe, halafu basi mpaka Malindi au Mombasa, na pa kulala, na chakula, na mtu wa kumsindikiza binti. Ganda likibanduka usiku wa harusi, safari ni ileile. Vikundi vingi tulivyovitembelea huhesabu bei ya daktari na kusahau nauli, na hili si kwa meno tu, hata kwa mashine ya kusaga na kwa injini ya boti.

KWA NINI MENO YAMEGEUKA RANGI?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa tunawaomba msiharakishe kusoma. Watu husema "meno machafu" kana kwamba ni jambo moja. Kumbe sababu ni nyingi, na kila sababu ina dawa yake. Anayenunua ganda bila kujua sababu ni kama anayepaka chokaa ukuta unaovuja.

Kuna rangi iliyo juu ya jino. Hii huletwa na chai ya rangi, kahawa, sigara, tumbaku ya kutafuna, miraa na tambuu. Huganda juu ya ugaga, yaani ule ukoko mgumu unaojijenga karibu na ufizi. Rangi ya aina hii huondolewa kwa kusafishwa na mtaalamu, ambaye hukwangua ugaga na kung'arisha jino. Haisagi enameli, haihitaji ganda, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha. Tumewaona watu waliodhani meno yao yameharibika, kumbe yalikuwa mazima chini ya ukoko.

Tambuu tuiseme peke yake, maana inaheshimiwa katika nyumba nyingi za pwani na hatutaki kuivunjia heshima. Lakini mambo yamejulikana. Ripoti ya wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2004 ilisema wazi kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Anayetafuna kwa miaka huweza kuona mdomo unakakamaa ndani, hata kufungua kwa upana kukawa shida. Kwa hiyo mwenye kutafuna akitazama kwenye kioo, asitazame rangi ya meno tu. Atazame ndani ya mashavu, chini ya ulimi, na kwenye ufizi. Akiona doa jeupe au jekundu lisilofutika, au kidonda kisichopona kwa wiki mbili au tatu, aende hospitali hata kama hakimuumi. Ganda la kauri mbele ya mdomo wenye kidonda cha namna hiyo lingekuwa jambo la kusikitisha sana.

Kuna rangi iliyo ndani ya jino tangu utotoni. Hii haikwanguki. Mfano mkubwa katika nchi zetu ni floridi. Ni madini yaliyomo katika maji ya ardhini, na kiasi kidogo hulinda meno yasitoboke, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi wakati mtoto bado anajenga meno yake ya ukubwani, yaani miaka minane ya kwanza hivi, meno huota na madoa meupe kama chaki au ya kahawia, na yakizidi hata huwa na vishimo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Katika Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, na huko Tanzania karibu na Arusha, visima vingi hupita mpaka huo. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianza mwaka 1998 kushughulika na vichujio vya mkaa wa mifupa, kwa sababu mkaa huo hunasa floridi. Kazi hiyo imewasaidia wengi, nasi tunaitaja kwa fahari kidogo kwa kuwa ni ya jamaa zetu wa maendeleo.

Kwa hiyo mwalimu au askari aliyeletwa Lamu kutoka bara akiwa na meno ya kahawia, msimwambie apige mswaki. Anapiga. Meno hayo yalichukua rangi kabla hajajua kusoma. Huko Tanzania imeonekana pia kwamba magadi yanayotumiwa kulainishia maharage na mboga huweza kuwa na floridi nyingi, kwa hiyo hata mahali ambapo maji ni mazuri, mtoto mdogo asilishwe magadi kila siku. Dawa zingine nazo hutia rangi ndani ya jino. Tetrasaiklini, akipewa mama mjamzito au mtoto mdogo, yaweza kuyafanya meno ya mtoto kuwa ya kijivu au manjano iliyokolea. Ndiyo sababu tunasema kila mara msinunue vidonge dukani kwa kukisia.

Madoa ya ndani ndiyo hasa ambayo ganda huweza kuwa jibu la haki. Hata hivyo si jibu la kwanza. Madoa mepesi ya floridi huweza kupunguzwa na daktari kwa kusugua uso wa enameli kidogo mno kwa dawa maalumu, au kwa kuyafanya meno kuwa meupe kwa dawa inayosimamiwa. Baadhi ya watu hutosheka hapo.

Kisha kuna jino moja lililogeuka jeusi peke yake, majirani zake wakiwa salama. Hilo mara nyingi ni jino lililopigwa. Huenda uhai wake wa ndani umekufa, hata kama haliumi. Jino la namna hii halifai kufunikwa kabla ya kupigwa picha ya eksirei, kwa sababu chini ya mzizi wake panaweza kuwa na usaha unaokula mfupa kimya kimya. Hutibiwa mzizi kwanza. Baadaye laweza kufanywa jeupe kwa dawa inayotiwa kwa ndani, au kuvalishwa kofia nzima ikiwa limedhoofika.

Na yale ya nyumbani? Kusugua meno kwa mchanga au kwa mkaa uliosagwa hung'arisha siku ya kwanza kwa sababu ni msasa. Unaondoa uchafu pamoja na enameli. Ndimu na siki huiyeyusha. Dawa ya kufulia nguo nyeupe huunguza ufizi na ni sumu. Mswaki wa mti wa msuaki ni mzuri na haujapitwa na wakati, mradi utafunwe ncha mpaka ulainike na usugue taratibu, na dawa ya meno yenye floridi itumiwe pia, mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala. Mtoto wa miaka mitatu mpaka sita atoshwe na kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kutema.

NANI ANGOJE, NANI ASIWEKE KABISA

Kijana ambaye meno na ufizi bado vinakua angoje. Madaktari wengi hupenda apite miaka 18. Mwenye matundu yasiyotibiwa au ufizi unaotoka damu angoje mpaka apone. Anayesaga meno usingizini, na mwenzake wa chumba ndiye atakayemwambia, yuko hatarini kuyavunja maganda yote. Mwenye desturi ya kufungua soda kwa meno, kukata nyuzi kwa meno, au kushika miyaa kwa meno wakati wa kusuka, ajiulize kama ataweza kuacha. Hili la miyaa tumeliona kwa macho yetu, tena kwa wasukaji hodari. Na anayetafuna miraa au tambuu kila siku atajikuta na ganda jeupe lenye mstari mweusi pembeni, mahali kauri inapokutana na jino, huku meno ya pembeni yakiendelea kugeuka rangi.

Hapo kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: rangi ya kauri haibadiliki. Dawa ya kung'arisha haiifanyi kuwa nyeupe zaidi wala chini ya hapo. Kwa hiyo anayetaka kung'arisha meno mengine, ayang'arishe kwanza ndipo rangi ya ganda ichaguliwe.

HESABU

Tukae sasa na daftari. Ganda la kauri lililowekwa vizuri na kutunzwa hudumu miaka 10 hadi 15 kwa kawaida, mengine zaidi. La resini hudumu miaka michache, pengine 5 au 7. Bei hapa Kenya hutofautiana sana kati ya kliniki moja na nyingine, lakini kwa kauri ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa jino moja, na matangazo huzungumzia meno sita, nane au kumi kwa pamoja kwa kuwa ndiyo yanayoonekana. Msitegemee bima ya afya ya jamii, ile SHA iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, kulipia kazi ya urembo.

Binti wa miaka 22 anayewekewa maganda ya kauri leo, tuseme yanadumu miaka 12. Atayabadilisha akiwa na miaka 34, tena 46, tena 58. Kila mara atalipa, na kila mara jino laweza kupoteza kidogo tena. Hawezi kufika 34 akasema basi nimechoka, nirudishieni meno yangu ya zamani, kwa sababu uso wake wa mbele umeshasagwa na lazima ufunikwe na kitu. Hii ndiyo tofauti kubwa na bangili ya yule bibi. Bangili huuzwa siku ya shida. Ganda la jino ni mkopo ambao marejesho yake hayana mwisho, hata kama lililipwa taslimu.

Hatusemi hivyo ili kuwatisha. Mtu mwenye madoa mazito ya floridi, ambaye amepimwa, ameelezwa, na ana kipato cha kuyatunza, anaweza kufurahia maganda yake kwa miaka mingi na hatuna neno juu yake. Tunachosema ni kwamba kisanduku cha mikeka kijue kinanunua nini.

Wengine huonyeshwa njia za mkato. Ziko maganda ya plastiki ya kuchomeka, yanayouzwa kwa simu, mtu anajivalia mwenyewe. Hayasagi jino, na kwa picha ya saa moja huenda yakafaa, lakini hunasa chakula, na ukilala nayo unaalika matundu na ufizi kuvimba. Mtu anayekuja chumbani kwako na gundi na taa, asiyejulikana alisomea wapi, huyo mfukuzeni. Na kuna safari za nchi za nje. Waingereza wengi wamekwenda Uturuki kutafuta meno ya bei nafuu, na madaktari wa kwao wamekuwa wakilalamika kwamba baadhi yao hurudi wakiwa wamesagwa meno pande zote mpaka yakabaki kama vigingi. Hayo hayakuwa maganda tena, yalikuwa kofia nzima, ingawa mgonjwa aliambiwa ni vinia. Ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba waulize neno hilohilo kabla ya kulala kwenye kiti: mnasaga upande wa mbele tu au jino zima, na kwa kiasi gani?

Hapa nchini daktari wa meno lazima awe ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, kwa kifupi KMPDC, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Kumwuliza leseni si kumkosea adabu. Mwulizeni pia akuonyesheni kazi aliyoifanya miaka mitano iliyopita, si ya wiki iliyopita, na awaandikie bei yote kwenye karatasi, pamoja na ya kurekebisha likibanduka.

KIKUNDI KIFANYEJE?

Kwa wale kina mama wa Kipungani tulijibu hivi. Msiamue juu ya ganda kabla hamjajua ugonjwa. Toeni mkopo mdogo wa nauli na uchunguzi, binti apelekwe kwanza hospitali ya kaunti ya King Fahd mjini Lamu, ambayo ni karibu, apimwe na aelezwe. Ile rangi ya kahawia ikiwa ya juu, kusafishwa kutatosha. Lile jeusi lipigwe picha, maana huenda ndilo lenye maradhi hasa, na hilo ni dawa si pambo, kwa hiyo linaingia katika kanuni za kisanduku bila ubishi. Pembe iliyovunjika huweza kujengwa kwa resini bila kusaga meno mengine.

Bibi yule alikubali mara moja. Mama wa binti alikubali kwa shingo upande. Binti mwenyewe, tumeambiwa, bado anayataka maganda yake, na hiyo ni haki yake. Ni mtu mzima na mdomo ni wake. Ila kikundi kimeandika katika kanuni kwamba mkopo wa urembo hautazidi kiasi ambacho mwanachama ameshaweka mwenyewe. Tumeiona kanuni hiyo kuwa nzuri, na tumeinakili ili vikundi vingine viitazame. Kuna waliotuuliza kwa nini tusikataze kabisa. Sisi hatuoni hivyo. Tumekutana na wasichana walioacha kusimama darasani kujibu maswali kwa sababu ya meno, na na vijana walionyimwa kazi ya hotelini wasiambiwe sababu. Aibu ya mtu haipimwi na jirani yake.

Katika mkutano wenu ujao mnaweza kujadiliana haya. Kanuni zenu zinasemaje juu ya mkopo usiozaa kitu, na je, harusi, meno na simu mnaviweka kapu moja? Mkeka mmoja unachukua siku ngapi kusukwa na unauzwa bei gani, na ni mikeka mingapi ingelipa jino moja, pamoja na nauli ya safari tatu? Ni nani kati yenu amewahi kupimwa meno bila kuumwa? Na watoto wa shule ya hapo kijijini, ni nani huwaangalia midomo yao?

Kwa ambao tayari wana maganda: pigeni mswaki laini mara mbili kwa siku, piteni uzi kati ya meno, msitafune barafu wala kucha. Ganda likibanduka, liokoeni, litieni katika kichupa safi, mlipeleke kwa daktari mapema. Msiligundishe wenyewe kwa gundi ya dukani, kwa maana gundi hiyo huunguza na huziba mahali daktari alipopahitaji.